Bili ya umeme Houston wakati wa joto: najibu swali lenu

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu hamjambo. Leo sikuwa nimepanga kurekodi, lakini swali ni lilelile, kila video: "Dada, AC inawaka nyumba nzima mchana kutwa, umeme unalipaje?" Halafu chini yake mwingine anaandika kwamba naringa. Nikisema bili imenielemea, wa tatu ananiambia nirudi Tanga kama nimeshindwa. Sasa najibu mara moja, na ninachosema ni cha nyumba yangu na mkataba wangu. Yako itakuwa tofauti.

Niwaambie kwanza kwa nini AC siyo starehe hapa. Tanga nyumba ya mama ina dari refu na madirisha pande mbili, upepo wa bahari unaingia huku unatokea kule. Hapa Houston nimepanga chumba na sebule, madirisha yote upande mmoja, upande wa jua la jioni, sakafu ina zulia ukuta hadi ukuta. Mwezi wa 8 mchana unafika nyuzi 37 za Selsiasi na usiku unyevu umejaa hewani. Wale mnaoniandikia "zima AC, fungua dirisha ulale", nilijaribu mwaka wa kwanza. Hewa ya usiku iliingia na unyevu wake, zulia na nguo kabatini vikaunyonya, asubuhi AC ikafanya kazi mara mbili kuutoa. Baada ya wiki mbili viatu vya ngozi vilikuwa na ukungu, na ofisi ya nyumba ikanikata hela ya kusafisha. Sikujua, na hakuna aliyeniambia.

Kwa hiyo jambo la kwanza lililonisaidia ni kitufe kidogo cha feni pale kwenye kidhibiti cha AC. Kuna "ON" na kuna "AUTO". Mimi niliweka ON, nikidhani hewa ikizunguka muda wote ndiyo nafuu. Kumbe AC inapopoza, unyevu wa hewani unageuka maji kama jasho kwenye mabomba yake ya ndani na kutiririka nje. Ikipumzika huku feni inaendelea kupuliza, yale maji yaliyobaki yanarudishwa chumbani. Nilipohamia AUTO unyevu ulipungua, nikaweza kupandisha kutoka nyuzi 72 za Farenhaiti hadi 78, yaani karibu 25 na nusu zetu, na pangaboi juu ya kitanda. Pangaboi linapoza mtu, halipozi chumba, kwa hiyo nikitoka nalizima. Filta nabadilisha kila mwezi wakati wa joto. Maharage nayachemsha alfajiri, kwenye presha kuka, maana jiko la umeme saa kumi jioni ni kuwasha moto halafu kulipia AC iuzime. Nguo ningeanika nje, jua lipo la bure, lakini mkataba wa nyumba unakataza kuanika roshani. Hilo linaniuma mpaka leo.

Lakini jamani, hela yangu nyingi haikupotelea kwenye AC. Ilipotelea kwenye karatasi.

Texas, sehemu kubwa ya jimbo, tangu 2002 unachagua mwenyewe kampuni ya kukuuzia umeme. Nguzo na nyaya ni zilezile, anayebadilika ni muuzaji. Nilipofika sikuwa na historia ya mkopo Marekani, nikadaiwa amana ya dola 300 kabla taa haijawaka. Hakuna aliyeniambia kwamba barua ya kampuni ya umeme ya nyuma, ikionyesha umelipa kwa wakati miezi 12, inaweza kukuondolea amana. Nikachukua mkataba uliotangazwa senti 10 kwa uniti, yaani kilowati-saa moja. Sikusoma ile karatasi ya maelezo yenye safu tatu: bei ukitumia uniti 500, 1,000 na 2,000. Yangu ilisema senti 20, 10, 15. Maana yake uniti ni senti 20, ila ukifika 1,000 unapunguziwa dola 100.

Mwezi wa 8 nilitumia uniti 1,310, nikalipa dola 162. Mwezi wa 9 nikajibana kwelikweli, nikashuka hadi 961. Bili ikaja dola 192. Nilipunguza matumizi nikalipa zaidi! Nilikaa na ile bili jikoni nikalia. Na wiki hiyohiyo, kwenye kundi la familia, mtu wa damu yangu aliandika kwamba naweza kupoza nyumba lakini ada ya mtoto wake nasema sina. Sitamtaja. Ada nilituma mwezi uliofuata. Ila lile neno halijanitoka.

Kuvunja mkataba kulikuwa na faini, nikabaki nao. Nikaamua basi niwe nazijua uniti zangu kama tulivyozijua kwenye LUKU, ile mita ya kulipia kabla ya nyumbani Tanzania, maana LUKU unaona zinavyokatika, huku unaambiwa baada ya mwezi. Kuna tovuti ya bure, Smart Meter Texas, inaonyesha umetumia kiasi gani katika kila dakika 15. Kujisajili kulinichukua wiki tatu. Jina langu kwenye bili liliandikwa la baba likawa la kwanza na la babu likakatwa, mfumo ukanikataa. Nilipiga simu mara nne, kila mmoja akaniambia nimpigie mwenzake. Kama ndiyo umehamia, hakikisha jina kwenye bili linafanana na kitambulisho chako herufi kwa herufi, siku ya kwanza kabisa.

Dada unayeishi Katy, hapa pembeni ya Houston, uliyeuliza ni kampuni gani uchukue, sitakutajia. Wewe una watoto watatu na nyumba ya ghorofa, huenda 1,000 unaivuka hata mwezi wa 11, mkataba ulionitesa mimi ukakufaa wewe. Chukua bili zako za miezi 12, andika uniti za kila mwezi, kisha uzipigie hesabu kwenye karatasi yao.

Mkataba wangu unaisha tarehe 9 mwezi wa 9. Siku 14 za mwisho unaruhusiwa kuhama bila faini, kwa hiyo dirisha langu linafunguka tarehe 26 mwezi wa 8. Nisipochagua, wataniingiza kwenye bei ya mwezi kwa mwezi, inayopanda wanavyotaka. Nimeshaweka kengele kwenye simu. Safari hii natafuta bei moja, iwe uniti 500 au 2,000, hata kama kwenye tangazo inaonekana ghali.