Pops Foster na besi ya pipa

Waheshimiwa wasikilizaji, besi ya kwanza aliyoipiga George Murphy Foster, ambaye wanamuziki wa jazi walikuja kumwita Pops, ilikuwa pipa la unga. Kaka yake Willie alipitisha ubao ndani ya pipa hilo ukawa shingo, akapigilia misumari ya kufungia nyuzi, na kwa kuwa fedha za nyuzi za dukani hazikuwapo, walichukua kamba nyembamba ya kufungia mizigo, wakasokota tatu pamoja kwa sauti nene, mbili kwa ya kati, wakaiacha moja kwa nyembamba, kisha wakazisugua kwa nta na ulimbo siku mbili tatu. Hayo yalikuwa Louisiana, kwenye shamba la miwa alikozaliwa mwaka 1892.

Familia ilipohamia New Orleans alishika selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu ameketi, halafu besi yenyewe, ileile mnayoiona ikisimamishwa nyuma ya wapiga fidla wa taarabu kule Unguja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikuwa katika meli za starehe za mto Mississippi, kwenye bendi ya Fate Marable, pamoja na kijana mpiga tarumbeta Louis Armstrong.

Naomba tukae kidogo kwenye mkono wake wa kulia. Ukumbini hapakuwa na kipaza sauti, na besi, pamoja na ukubwa wake wote, humezwa upesi na tarumbeta na ngoma. Foster aliuvuta uzi wa besi, uliotengenezwa kwa utumbo wa mnyama, ukaachana na ubao, akauachia urudi kwa kishindo, hata noti moja ikabeba sauti yake na mlio wa ngoma juu yake. Wapo wanaouona mtindo huu kuwa kichekesho cha jukwaani. Mimi sikubaliani nao. Mpiga tuba, ile baragumu kubwa ya shaba, aliyeshika nafasi ya besi katika bendi nyingi, hana budi avute pumzi, ilhali Foster aliweza kuyagonga mapigo yote manne ya kila mzunguko wa mdundo bila kupumzika, na bendi ya Luis Russell, aliyojiunga nayo New York mwaka 1929, ikaegemea hapo.

Miaka ya 1940 kazi ilipopungua aliajiriwa katika treni za chini ya ardhi za New York, akarudia muziki, na kufariki San Francisco mwaka 1969.

Sasa nawapigia «Mahogany Hall Stomp», iliyorekodiwa Machi 1929 kwa jina la Armstrong, Foster akiwa kwenye besi. Tarumbeta mtaisikia bila kuitafuta. Tegeni sikio chini yake.