Theluji mezani: michezo mitatu ya hesabu kwa watoto wadogo

Ndugu mtazamaji, karibu. Hapa Minneapolis mwezi wa Desemba jua huzama mnamo saa kumi na nusu jioni kwa saa za Kiswahili, na mtoto akisharudi shuleni hakuna tena uwanja wa kumpeleka akakimbie. Kwa hiyo leo tutaitumia meza ya jikoni kwa michezo mitatu ya hesabu inayowafaa watoto wa miaka minne hadi saba. Vifaa vyote ni vya nyumbani, isipokuwa theluji yenyewe, ambayo iko nje ya mlango. Ninalo angalizo moja kabla hatujaanza: vifungo na vibonge vya pamba ni vidogo, hivyo ikiwa nyumbani yupo mdogo ambaye bado anatia kila kitu mdomoni, mtafutie shughuli nyingine mbali na meza hii.

Tuanze na mchezo wa vibonge. Chukua boksi tupu la mayai, lile la dazani moja lenye safu mbili za vishimo sita sita, kisha kata vishimo viwili vya mwisho ili vibaki kumi, yaani safu mbili za vitano vitano, kama unavyoona hapa. Tengeneza na la pili kama hilo. Andaa pia vibonge ishirini vya pamba, ambavyo kwa leo ndivyo theluji yetu, pamoja na dadu moja na kibanio cha nguo.

Mtoto anarusha dadu, anahesabu nukta zake, kisha anabana kibonge kimoja kimoja kwa kibanio na kukitia kwenye kishimo, akianzia kushoto kwenye safu ya juu. Safu ya juu ijae kwanza kabla hajashuka ya chini. Utaratibu huu una sababu yake: mtoto akishazoea kwamba safu iliyojaa ni tano, siku atakapoona safu iliyojaa na vibonge viwili chini yake atatamka saba papo hapo, bila kurudi kuanza na moja. Kila baada ya zamu muulize, "Vimebaki vishimo vingapi vitupu?" Mimi huliona swali hili kuwa muhimu kuliko dadu yenyewe, kwa sababu ndilo linalomfundisha kwamba sita huhitaji nne, na saba huhitaji tatu, ili kutimiza kumi, bila kumkaririsha lolote. Akisita, subiri. Wazazi wengi, nami nikiwamo, huwa tunawahi kujibu.

Boksi la kwanza likijaa, vibonge vinavyozidi vinaingia kwenye la pili, na hapa ndipo ninapoomba mhesabu kwa Kiswahili hata kama shuleni mtoto anahesabu kwa Kiingereza. Majina ya Kiingereza ya 11 na 12 hayamwonyeshi mtoto kumi iliyomo ndani yake, ilhali sisi tunasema waziwazi kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Weka mkono wake wa kushoto juu ya boksi lililojaa mkisema "kumi", kisha wa kulia juu ya la pili mkisema "na tatu". Atakuwa ameishika namba hiyo kwa mikono yake miwili. Mkifika ishirini msaada huo unakoma, kwa kuwa ishirini, thelathini na wenzake ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu na hayasemi kumi ziko ngapi. Hapo mwonyeshe tu maboksi mawili yaliyojaa na umpe jina lake.

Jambo la pembeni: watoto waliozaliwa huku hupenda kusema "vibonge visita". Usimcheke, kwani amesikia viwili, vitatu, vinne na vitano, akaigundua kanuni na kuipitiliza. Mrudishie kwa upole tu, "Ndiyo, vibonge sita," kisha mwendelee.

Mchezo wa pili ni nyota ya theluji. Mpe mtoto vijiti vitatu vya aiskrimu na umuulize nyota itakuwa na mikono mingapi. Wengi watajibu mitatu. Laza kijiti cha kwanza na mhesabu ncha zake: mbili. Pitisha cha pili katikati yake: nne. Cha tatu: sita. Gundisha katikati, kisha mpe vifungo na sharti moja, kwamba chochote anachokiweka kwenye mkono mmoja lazima akiweke kwenye mikono yote, mahali palepale. Kifungo kimoja kwa kila mkono kitahitaji vifungo sita, viwili vitahitaji kumi na viwili, nawe unaweza kumtuma akavipange kwanza kwenye maboksi ya mayai ili ahakikishe.

Akiuliza kwa nini sita, mweleze kwamba maji yanapoganda, chembe zake hujipanga kwa umbo la pembe sita, na chembe ya theluji hukua kutoka hapo. Mkulima wa Vermont aitwaye Wilson Bentley alifanikiwa mwaka 1885 kupiga picha ya chembe moja ya theluji kwa kuunganisha kamera na hadubini, na baadaye akapiga zaidi ya 5,000. Yale mapambo ya dukani yenye pembe nane yanapendeza, lakini hayo si theluji.

Mchezo wa tatu unahitaji koti na glavu. Chukueni glasi mbili zinazolingana, mtoke nje, mjaze ya kwanza theluji mpya bila kuishindilia, na ya pili muishindilie kwa kijiko mpaka ikae imara. Mkirudi ndani, mtoto abandike kipande cha selotepu kwenye kila glasi pale anapodhani maji yatafika theluji ikishayeyuka. Ziacheni mezani wakati wa kula na kuoga.

Mkirudi mtakuta maji kidogo kuliko alivyotarajia, hasa katika glasi ya kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya theluji laini ni hewa. Kwa makadirio ya kawaida, theluji mpya ya kina cha sentimita 10 hutoa maji ya sentimita 1 hivi, ingawa kipimo hicho hubadilika sana kulingana na ubaridi na unyevu. Sasa mtoto ayahamishe maji kwa kijiko cha chakula akihesabu kwa sauti, kwanza glasi moja, halafu nyingine, na kwa kila kijiko achore duara kwenye karatasi, duara za glasi ya kwanza juu na za glasi ya pili chini. Muulize ni glasi ipi iliyotoa vijiko vingi, kisha, kwa kutazama duara zisizo na mwenzake, imezidi kwa vijiko vingapi. Maji hayo yamwagwe, yasinywewe.

Selotepu ya makisio msiibandue hata kama imekaa mbali na ukweli. Theluji ya kesho ikianguka, mjaze glasi zilezile, na mtoto abandike nyingine ya rangi tofauti karibu na ile ya leo.