Bingwa Asiyesafiri: Namna ya Kusoma Matokeo ya Utelezaji wa Barafu

Ndugu zangu, karibuni. Niliambiwa nianze na kanuni. Nimeona bora nianze na picha.

Ni Detroit, Januari 2019, jukwaa la washindi wa ubingwa wa taifa wa Marekani, upande wa wanawake. Anayetakiwa kupanda ngazi ya juu kabisa ni Alysa Liu, miaka 13. Ametua Axel ya mizunguko mitatu, mruko ambao wawili waliomfuata hawakuwa nao kwenye programu zao, yaani mpangilio wa miruko wanaoutelezea. Sasa ngazi yenyewe inamshinda kimo. Bradie Tennell, aliyeshika nafasi ya pili, na Mariah Bell, wa tatu, wanamshika mikono na kumvuta juu.

Miezi miwili baadaye ubingwa wa dunia ulifanyika Saitama, Japani. Walioiwakilisha Marekani ni hao hao wawili waliomvuta. Bingwa alibaki nyumbani. Na si ubingwa wa wakubwa tu uliomkataa, hata ule wa vijana ulimkataa, kwa sababu kanuni ilitaka uwe umetimiza miaka 13 kabla ya tarehe 1 Julai ya mwaka uliotangulia, na yeye alizaliwa mwezi Agosti. Alikosa kwa wiki tano na siku chache. Yaani bingwa wa taifa zima, tena wa wakubwa, hakuwa na umri wa kushindana na vijana wenzake nje ya nchi!

Nimeianza hapo kwa sababu watu wengi wanasoma matokeo ya ubingwa wa taifa kana kwamba ni msimamo wa ligi. Sivyo. Matokeo yale yanajibu swali moja: usiku ule, mbele ya majaji wale, nani alimshinda nani. Majaji wote ni wa nchi hiyo hiyo, na nchi nyingi huwa na ukarimu wa alama kwa watoto wao. Ndiyo maana shirikisho la kimataifa, ISU, haliziingizi alama za taifa kwenye rekodi zake. Tena kuna kiwango cha chini cha alama za ufundi ambacho mtelezaji lazima akifikishe ndipo aruhusiwe ubingwa wa dunia, na kiwango hicho hupatikana kwenye mashindano ya kimataifa tu. Unaweza kupata alama za ajabu nyumbani, zisikufungulie mlango wowote.

Kwa hiyo mtu akiniambia fulani kapata alama 230 kwao na fulani kapata 215 kwao, basi wa kwanza ni bora, mimi humuomba kitu kimoja: nionyeshe karatasi. Kila shindano kubwa hutoa karatasi ya majaji, mstari kwa mstari, mruko kwa mruko. Humo ndimo mambo yalimo.

Tuchukue mruko mmoja tuukague. Toulupu ya mizunguko minne. Thamani yake ya msingi ni 9.50. Majaji huongeza au kupunguza kwa ngazi, kuanzia kutoa tano hadi kujumlisha tano, na kila ngazi ni asilimia kumi ya thamani ya mruko. Ukianguka, unashushwa hadi kutoa tano, yaani nusu ya thamani inakwenda: 4.75. Kisha unakatwa alama nzima moja kwa kuanguka. Unabaki na 3.75.

Sasa linganisheni na kijana aliyeamua kutojitia kwenye hatari, akaruka toulupu ya mizunguko mitatu, akatua salama bila mbwembwe. Anapata 4.20. Tofauti haifiki hata nusu alama! Mmoja kaanguka mbele ya watu wote, matako kwenye barafu, mwingine kasimama wima, na karatasi inawaona karibu sawa.

Lakini subirini. Hesabu hiyo inasimama iwapo aliyeanguka alimaliza mizunguko yake angani. Jopo la ufundi hurudia video, likatazama chuma cha kiatu kilipogusa barafu kilikuwa kimeelekea wapi. Wakiona mzunguko umepungua zaidi ya robo, karatasi inawekwa mshale mmoja mdogo, thamani inashuka hadi asilimia 80, na anguko lile linabaki na 2.80. Ukipungua nusu au zaidi, mishale inakuwa miwili na mruko unahesabiwa kama wa mizunguko mitatu. Piga hesabu mwenyewe: 4.20, toa 2.10, toa moja. Ni 1.10. Kwa macho ya kawaida maanguko yote matatu yanafanana. Mtoto kaanguka, basi. Mimi nikitafuta kijana wa kumfuatilia miaka mitatu ijayo, namtafuta yule wa 3.75. Huyo mruko anao, bado miguu tu.

Turudi kwenye uteuzi wa wanaoiwakilisha nchi nje, maana huko ndiko machozi yaliko. Mwaka 2014, huko Boston, Mirai Nagasu alikuwa wa tatu na Ashley Wagner wa nne. Wamarekani wana desturi yao ya kutoa medali nne, ya nne ikiwa ya mchanganyiko wa bati. Wagner akaondoka na medali ya bati na tiketi ya Olimpiki ya Sochi. Nagasu akabaki na shaba yake. Kamati ya uteuzi ilitazama matokeo ya kimataifa ya misimu iliyotangulia, na kanuni iliiruhusu. Watu walipiga kelele sana. Nagasu alirudi mazoezini, na kwenye Olimpiki ya 2018 akawa Mmarekani wa kwanza mwanamke kutua Axel ya mizunguko mitatu katika michezo hiyo.

Mwaka 2022, Nashville, ikatokea tena kwa wanaume. Nathan Chen wa kwanza, Ilia Malinin wa pili kwa alama 302.48, Vincent Zhou wa tatu, Jason Brown wa nne. Waliokwenda Beijing: Chen, Zhou, Brown. Kijana wa pili akaachwa. Mimi nilikasirika wakati ule, siwafichi. Baadaye niliipoa hasira kidogo, maana Brown alimaliza wa sita Beijing, na kamati haikuwa imecheza kamari ya kipumbavu.

Malinin alishuka hadi ubingwa wa dunia wa vijana, Tallinn, Aprili mwaka huo huo, akachukua dhahabu kwa alama 276.11. Wa pili alikuwa Mikhail Shaidorov wa Kazakhstan, zaidi ya alama 40 nyuma. Msije mkailinganisha 276 hiyo na 302 ya Nashville mkasema kashuka kiwango. Programu ndefu, ile ya pili kati ya mbili wanazoteleza, kwa vijana ina dakika tatu na nusu, ya wakubwa dakika nne. Ni mizani mbili. Mwezi Septemba akatua Axel ya mizunguko minne, ambayo hakuna aliyewahi kuitua kwenye mashindano. Na mwaka 2025, Boston, kwenye ubingwa wa dunia wa wakubwa, Malinin alikuwa jukwaani juu, na Shaidorov wa pili. Mpangilio ule ule wa Tallinn.

Msichukulie kwamba vijana hutabiri hivyo siku zote. Chen mwenyewe hakuwahi kuwa bingwa wa dunia wa vijana, aliambulia shaba mwaka 2014. Kwa wasichana ni vigumu zaidi kutabiri, kwa sababu mwili ukibadilika, miruko inabadilika nao, na karatasi ya miaka 14 haisemi lolote kuhusu miaka 18.

Kisha kuna umri. Mwaka 2022 ISU ilipitisha kwamba umri wa kuingia kwa wakubwa upandishwe kutoka 15 hadi 17. Naunga mkono. Lakini bei yake ina jina: Mao Shimada wa Japani. Mwaka 2025, Debrecen, alichukua ubingwa wa dunia wa vijana mara ya tatu mfululizo, na kwao alikuwa ameshika nafasi ya pili kati ya wakubwa Desemba iliyotangulia. Olimpiki ya 2026 ilimpita kwa miezi minne. Alipewa jina la Mao Asada, mtelezaji nyota wa Japani, naye Asada aliikosa Olimpiki ya Torino ya 2006 kwa siku 87, wiki chache baada ya kuwashinda wakubwa kwenye fainali ya Grand Prix, mfululizo wa mashindano makubwa ya kila msimu.