Moyo Unaosikia

Bwana Yesu asifiwe. Tufungue Wafalme wa Kwanza, sura ya 3. Sulemani yuko Gibeoni, ametoa sadaka elfu moja za kuteketezwa, na usiku Mungu anamtokea ndotoni: omba utakalo nikupe. Tumezoea kusema aliomba hekima. Tazameni alivyoiomba. Biblia yetu ya Union inasema "moyo wa adili". Kiebrania chake ni moyo unaosikia. Mfalme kijana, aliyekiri kwamba hajui kutoka wala kuingia, anaomba masikio ya ndani.

Jibu halikuchelewa. Mstari wa 16, makahaba wawili wanakuja wakigombea mtoto, na shahidi hakuna. Sisi tunakimbilia upanga, pale mfalme alipoagiza mtoto akatwe vipande viwili. Lakini kabla ya upanga aliwaacha waseme, wakabishana mbele yake, naye akarudia maneno yao: huyu asema hivi, na huyu asema hivi. Wanawake ambao wengi wasingewafungulia hata mlango, mfalme anayashika maneno yao neno kwa neno!

Nina ushuhuda. Baba alipofariki, tuligombea kiwanja. Mimi ndiye mkubwa, nikafunga siku tatu kuomba hekima. Wapendwa, hukumu nilikuwa nayo tayari. Nilimtaka Mungu aigonge muhuri tu. Siku ya nne nikamkuta kitindamimba wetu jikoni, anachambua maharage kwenye ungo. Vikao vyote vile hakuna aliyemuuliza. Nikavuta kigoda, nikamuuliza. Hakuinua macho. "Kaka, mkishagawana, mama atalala wapi?" Vidole vyake vikaendelea kutoa vijiwe. Nilikosa la kusema. Niliona aibu kurudi magotini.

Hapo ndipo Yakobo 1:5 iliponishika. Mungu huwapa wote kwa ukarimu, "wala hakemei". Haulizi ulikuwa wapi siku zote, wala hakwambii mtu mzima kama wewe hata hili hulijui? Na Yakobo anawaandikia watu walio katikati ya majaribu, someni kuanzia mstari wa 2, watu wenye sababu ya kuchanganyikiwa. Najua humu wapo wazee wa kanisa wanaoogopa kumwambia Mungu, "Baba, hapa sijui." Mwambie. Hakemei.

Tusimame. Kabla hatujaomba, kila mmoja amkumbuke mtu mmoja wa nyumbani kwake ambaye hajawahi kuulizwa neno. Tuanze na jina lake.