Bati linaunguza, tembe limetulia: jaribu mwenyewe uani

Haya wadau, tupo uani hapa Dodoma, saa saba mchana na jua ndo hilo mnaliona. Tafuta makopo mawili ya maziwa yanayolingana, moja tia maji nusu kilo, lingine mchanga mkavu nusu kilo, na upime kwa mzani sio kwa macho. Yote yapake masizi ya sufuria mpaka kifuniko yanyonye jua sawasawa, yaanike, alafu kila baada ya dakika kumi hivi yatikise maana mchanga usipoutikisa unachemka pembeni katikati bado baridi. Kupima usilete kile kipimajoto cha homa, kinaishia 42 na cha kioo kitakupasukia.

Baada ya saa nzima utaona mchanga umetangulia mbali. Kilo ya maji inataka jouli (kipimo cha nishati) kama 4,200 kupanda nyuzi moja, mchanga unataka kama 800 tu. Sasa yahamishe kivulini uone maji yanavyong'ang'ania joto lake wakati mchanga umeshapoa zamani.

Tuje kwenye kupitisha moto. Chukua kijiko cha alumini, vile vyepesi vya bei rahisi, na mwiko wa mbao, gandisha punje ya maharage kwenye kila mpini kwa nta ya mshumaa (samli hapana, kwa jua hili inayeyuka yenyewe), kaa kivulini, vitumbukize kwenye maji yanayochemka, punje ikae juu kidogo ya maji. Ya alumini inadondoka, ya mwiko utaisubiri mpaka uchoke, alumini inapitisha moto zaidi ya mara elfu kuliko mbao. Kijiko cha stili nacho kinachelewa, watu wanadhani chuma ni chuma tu.

Ndo maana wazee wa Kigogo na tembe zao, zile nyumba zenye paa la udongo mnene juu ya miti, joto la mchana linachukua masaa kupenya, linafika ndani usiku na baridi ya Julai unaijua. Bati jembamba linawaka saa hiyo hiyo, usiku halijabakiza kitu. Kama unakaa kwenye bati weka dari, acha nafasi ya hewa juu yake na matundu ya kutolea joto, na hela ikiwepo lipake bati rangi nyeupe.