National Gallery ya London: Jumba Lililobanwa na Kiwanja Chake

Mabibi na mabwana, ukisimama Trafalgar Square ukatazama kaskazini, utaona National Gallery, jumba la taifa la kuonyeshea picha za kuchorwa: refu sana kwa upana lakini fupi kwa kimo. Tangu lilipofunguliwa mwaka 1838, lawama zote za ufupi huo zimemwangukia msanifu wake, William Wilkins. Mimi nasema anaonewa.

Kiwanja chenyewe kilikuwa na mabanda ya farasi wa mfalme. Nyuma yake palikuwa na kambi ya askari na makazi ya maskini, kwa hiyo jengo halikuweza kurudi nyuma; likajengwa kwa kina cha chumba kimoja tu. Mbele nako alikatazwa kuziba mandhari ya kanisa la St Martin-in-the-Fields. Njia za umma zilizokatiza kiwanja zilibidi ziachwe wazi. Juu ya hayo, alitakiwa atumie nguzo za Carlton House, jumba la kifalme lililokuwa limebomolewa, nazo zilikuwa fupi. Katika usanifu uliofuata Wagiriki na Warumi, nguzo ndiyo kipimo cha vyote: unene wake huamua kimo chake, na kimo chake huamua ukubwa wa mawe yanayolala juu yake. Aliyepewa nguzo fupi amekwishapewa jengo fupi. Ili ukuta mrefu hivyo usifanane na ghala, Wilkins akaukatiza: baraza kubwa yenye nguzo nane mbele katikati, baraza ndogo pembeni, kuba juu. Kuba lile ni dogo mno, na hilo silitetei.

Hata sanamu zilikuwa za kuokoteza. Britannia, mwanamke anayewakilisha Uingereza, iliyochongwa kwa ajili ya tao la Marble Arch iligeuzwa Minerva, mungu wa kike wa Warumi, kwa kuwa wote wawili hushika mkuki na ngao, ikawekwa upande wa mashariki.

Kwa nini basi pale? Mwaka 1824 serikali ilinunua picha 38 za mkusanyaji John Julius Angerstein kwa pauni 57,000, zikaonyeshwa nyumbani kwake, Pall Mall. Nyumba ikafurika watu, ikabidi lijengwe jumba jipya. Trafalgar Square ilifikika na tajiri wa magharibi kwa gari la farasi, na maskini wa mashariki kwa miguu. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ya jumba hili.

Sasa mwanga, maana hapo ndipo jumba la picha hupimwa. Dirisha la ukutani hula nafasi ya kutundikia, tena vanishi ya picha zinazolikabili hung'aa hadi mchoro usionekane. Ndiyo maana vyumba vya picha viliwekwa ghorofa ya juu, vikapata mwanga kutoka paani. Lakini dirisha la paani likiwa na upana mdogo na likiwa juu mno, mwanga mwingi huishia sakafuni, na watazamaji wakamulikwa kuliko picha. Picha ikifunikwa kioo, mtu hujiona uso wake mwenyewe. Na kioo kilihitajika: mwaka 1850 tume iliyomjumuisha mwanakemia Michael Faraday ilichunguza madhara ya moshi wa makaa ya mawe na vumbi la umati, na picha zikaendelea kufunikwa.

Adui mwingine alikuwa unyevu. Picha nyingi za kale zimechorwa juu ya mbao. Hewa ikibadilika, ubao hutanuka na kusinyaa, rangi iliyokauka haiufuati, hatimaye huvimba na kubanduka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1941, picha zilihamishiwa kwenye machimbo ya mawe ya Manod, Wales, ndani ya vibanda vya matofali ambamo joto na unyevu vilidhibitiwa. Mafundi wakaona rangi imeacha kubanduka. Kazi ya kuigandisha upya ikapungua mno. Waliporudi London walidai hali ileile, na mwaka 1949 chumba cha kwanza chenye mitambo ya kudhibiti hewa kikafunguliwa ndani ya jumba la Wilkins.