Ramani ya Zamani Haikupi Nukta, Inakupa Duara

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Leo tunashika karatasi moja tu: ramani ya Tanzania ya skeli 1:50,000, ile inayofunika dakika 15 kwa dakika 15, upande wa Kilwa. Tunatafuta magofu. Kwenye ramani hizi mara nyingi yameandikwa kwa Kiingereza, "Ruins", kwa herufi ndogo ambazo jicho hupita bila kuziona.

Anzeni na skana bapa, si simu. Lenzi ya simu hupinda kingo. Nukta 400 kwa inchi zinatosha, na faili la picha liwe la aina ya TIFF. Kwa kipimo hicho pikseli moja ni mita 3.2 ardhini. Kupandisha hadi 1,200 ni kujaza diski bure, maana mstari wa nusu milimita uliochorwa na mpimaji tayari ni mita 25.

Sasa fungueni QGIS, programu ya ramani, na humo kifaa cha Georeferencer, kinachoifunga picha mahali pake halisi ardhini. Bofyeni makutano ya mistari ya gridi, kwa kuwa namba zake zimechapwa pembeni. Makutano 12 hadi 16, yaliyotawanyika hadi pembeni kabisa, si yote katikati. Vuteni picha mpaka pikseli zionekane, mbofye kiini cha mstari. Namba za pembeni zimefupishwa, kwa hiyo zikamilisheni: Kilwa Kisiwani iko karibu na 557000 mashariki na 9010000 kaskazini. Mkiona kosa la maelfu ya mita, kuna sifuri imeanguka au namba mbili zimebadilishana nafasi.

Hapa ndipo wengi hukwama. Gridi hiyo ni ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa viwianishi wa Afrika Mashariki, kanda ya 37 kusini; ndani ya programu namba yake ni EPSG:21037. Ukiitangaza kuwa ni WGS 84, mfumo wa dunia nzima, eti kwa sababu GPS yako inatumia hiyo, programu haitalalamika hata kidogo. Mabaki ya makosa, yaani umbali kati ya alama ulizobofya na pale programu ilipoziweka, yatakuwa madogo, ramani itapendeza, lakini yote imesogea karibu mita 300 kaskazini. Gereza la Kilwa Kisiwani, yaani ile ngome ya kale iliyo ufukweni kaskazini mwa kisiwa, litakutwa linaelea baharini. Kwa hiyo wekeni picha ya setilaiti chini yake na mlitazame Gereza kabla ya jambo lingine lolote.

Namna ya kunyoosha, mnayoichagua humo humo kwenye Georeferencer: polinomia ya daraja la kwanza. Inahitaji alama 3 tu, zilizobaki ni za kukamata makosa. Karatasi hutanuka kwa unyevu, na haitanuki sawa pande zote. Nusu asilimia kwenye sentimita 55 ni karibu milimita 3, yaani mita 140 hivi ardhini. Polinomia hiyo hulimeza tatizo hilo; Helmert, namna inayokuza au kupunguza pande zote sawa, hailimezi. Thin Plate Spline, namna inayopinda picha kama mpira, inavutia kwa sababu huonyesha kosa la sifuri, lakini sifuri hiyo ni danganya toto: imelazimishwa kupita kwenye kila alama, pamoja na ile uliyoibofya vibaya. Achieni alama 4 nje ya hesabu, mzitumie kupima ukweli.

Ramani za Kijerumani za 1:300,000, za wachora ramani Sprigade na Moisel, ni kazi nyingine. Nusu milimita pale ni mita 150. Msizifunge kwa midomo ya mito wala kingo za mikoko, vinahama. Tumieni rasi za mawe na ngome za zamani.

Mkimaliza, kila gofu liwe na jina kama lilivyoandikwa, hata kama tahajia ni ya ajabu, namba ya karatasi, mwaka wa uchapaji, na kosa kwa mita. Kosa hilo ndilo nusu kipenyo cha duara lenu. Kwa 1:50,000 iliyofungwa vizuri, mita 50 hivi. Kwa ya Kijerumani, anzeni na 500. Mkifika vichakani, tembeeni duara lote kwa mistari sambamba, mkiangalia mawe ya matumbawe yenye chokaa na vigae vya vyungu, na mibuyu mikubwa msiipite bila kuizunguka.